Nyota Mahali pa Jina

Mama huyo hakuja kunigombeza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya kijichumba changu cha kazi hapa Iftin, simu mkononi, akasubiri nimalize na mteja aliyemtangulia. Zamu yake ilipofika aliniuliza swali moja tu. "Hooyo," aliniita, kama mama zetu wanavyowaita vijana wao, "jina la mwanangu, nambari ya kitambulisho changu, shule aliyoitwa, haya yote niliyaandika kwenye fomu yako. Huyu aliyenipigia simu ameyatoa wapi?"

Aliyempigia alijitambulisha kuwa anatoka ofisi ya basari. Alimtajia kila kitu bila kukosea, hata jina la babu wa mtoto. Kisha akamwambia fomu imepita, zimebaki shilingi 1,500 za kufungua faili, na zitumwe kwa M-Pesa kabla ya saa kumi jioni. Mama akatuma. Pesa zenyewe alikuwa ameziazima kwa dada yake.

"Nitaangalia, eeddo," yaani shangazi, nilimjibu. Sikusema zaidi ya hapo. Lakini hata kabla hajamaliza kuvuka barabara ya mchanga kurudi kwake, nilikuwa nimeshajua mahali pa kuanzia kutafuta. Mahali hapo palikuwa pakinisumbua moyo kwa zaidi ya miezi tisa, nami nikipanyamazia.

Mimi ni fundi wa tovuti. Iftin ni mojawapo ya wadi nne za Garissa Township, na maana ya jina lake kwa Kisomali ni mwanga. Wateja wangu wengi hawana kompyuta. Huja saiba na karatasi zao ndani ya bahasha ya plastiki: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya chifu, nakala ya kitambulisho. Kijana wa saiba huwajazia, nao hubonyeza kitufe cha mwisho kwa kidole chao wenyewe. Mwanzoni mwa 2021 niliandika programu-jalizi ndogo ya maombi ya basari, yaani kipande cha programu kinachochomekwa kwenye tovuti ya mtu mwingine ili kiiongezee kazi ambayo haikuwa nayo. Yangu iliweka fremu ndani ya ukurasa. Mzazi aliiona kama sehemu ya tovuti ya shule, kumbe kilichomo kilitoka kwenye seva yangu. Shule kadhaa ziliichomeka, na mfuko mmoja wa kijamii pia. Niliionea fahari kazi ile. Kabla yake watu walipanga foleni juani kuchukua fomu za karatasi.

Ili kosa langu lieleweke, lazima nieleze jinsi fremu inavyoongea na ukurasa ulioibeba. Tangu enzi za Netscape katikati ya miaka ya 1990, vivinjari vimesimama juu ya sheria moja: ukurasa wa anwani moja hauruhusiwi kuchungulia ndani ya ukurasa wa anwani nyingine, hata zikikaa kwenye skrini moja. Ni nyumba mbili zilizoshiriki ukuta. Zikitaka kuongea, zina tundu moja rasmi, amri iitwayo postMessage. Anayetuma hutaja mambo mawili, ujumbe wenyewe na anwani ya anayeruhusiwa kuusikia. Mahali pa anwani mtu anaweza kuandika alama ya nyota, na maana yake ni yeyote yule. Anayepokea naye hupewa, pamoja na ujumbe, anwani ya ulikotoka. Kuitazama au kutoitazama ni juu yake, kwa maana kivinjari hakimlazimishi.

Madalali wa mifugo wa jadi ya Kisomali walilijua zamani sana jambo hili la kuchagua nani asikie. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa, bei ikasemwa kwa vidole, na aliye pembeni haambulii hata senti ya habari ile. Nyota ni kukitupa kitambaa na kuitaja bei kwa sauti katikati ya soko.

Julai 2021 mwaka wa masomo ulikuwa umevurugwa na korona. Muhula wa kwanza ulipangwa kuanza tarehe 26 Julai, na wanafunzi wa Kidato cha Kwanza kuripoti tarehe 2 Agosti. Idd-ul-Adha iliangukia Jumanne tarehe 20, na siku hiyohiyo Google walitoa toleo la 92 la Chrome. Sikulijali. Nilikuwa nyumbani na jamaa zangu, nyama ikigawanywa.

Jumatatu iliyofuata simu zilianza asubuhi. Nilikwenda saiba ya jirani nikamkuta mzee mmoja amekaa mbele ya skrini, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, karatasi za mjukuu wake amezipanga mezani kwa utaratibu. Fomu ilikuwa imejaa kikamilifu. Alibonyeza "Tuma", na hakikutokea kitu. Hakuona kosa lolote wala neno lolote. Alibonyeza tena akanitazama. "Adeer," aliniita, kama wazee wetu wanavyowaita vijana, "hii mashine imenikataa?"

Haikuwa mashine. Fomu yangu, kabla ya kutuma, ilimwuliza mzazi kwa kile kisanduku kidogo cha kivinjari chenyewe, chenye vitufe viwili, kama habari alizoandika ni sahihi. Toleo jipya la Chrome lilikuwa limezima visanduku hivyo kwa fremu yoyote inayotoka anwani tofauti na ya ukurasa ulioibeba. Sababu yao ilikuwa ya haki. Kisanduku cha aina ile kilionekana kana kwamba kimetoka kwa mwenye tovuti, na matapeli walikitumia kujifanya ndio wenyewe. Sasa fremu yangu ilipouliza, swali halikuonekana popote, na kivinjari kikarudisha jibu kwa niaba ya mzazi: hapana. Programu yangu ikatii. Kila mzee, kila mama aliyebonyeza "Tuma" siku ile alihesabiwa kuwa amekataa.

Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Ijumaa tarehe 30. Usiku wa Jumatatu ile sikulala. Umeme ulikatika mara mbili, nikawa natumia simu kama taa. Njia niliyoiona ilikuwa hii: ukurasa wa nje haujazuiwa, basi na uulize ukurasa wa nje. Fremu iutumie ujumbe, ukurasa uonyeshe kisanduku, mzazi ajibu, na jibu lirudishwe ndani. Ili mzazi aone anathibitisha nini, nikautuma ujumbe pamoja na kila alichoandika: jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, jina la mtoto, la baba, la babu, na shule.

Nikafika mahali pa anwani. Ilinipasa kuandika anwani kamili ya kila tovuti iliyochomeka kazi yangu. Baadhi zilikuwa na anwani mbili mbili, na moja ilikuwa inahama wiki ileile. Kuzikusanya zote kungechukua siku mbili, labda tatu. Nikaandika nyota. Upande wa kupokea jibu, palipostahili kuulizwa "ndiyo" hii imetoka kwa nani, sikuandika swali lolote. "Ndiyo" ya yeyote ilitosha. Pembeni ya mstari ule niliacha maneno mawili ya kujikumbusha: rekebisha baadaye. Saa tisa usiku nilijaribu, ikafanya kazi. Niliswali alfajiri, nikalala.

Siwezi kusema sikujua. Maelezo ya amri ile yanaonya waziwazi kwamba nyota isitumike kwenye habari za siri, nami nilikuwa nimeyasoma zaidi ya mara moja. Tena mimi ni mtu wa Garissa. Nimeulizwa nimetoka wapi na kitambulisho kiko wapi kila basi la Nairobi lilipofika daraja la Tana, tangu nikiwa kijana wa sekondari. Nikaandika programu isiyomwuliza mtu yeyote ametoka wapi, na nilichokuwa nimekabidhiwa kilikuwa mali ya wengine.

Liko jambo jingine linaloniuma kama fundi. Mapema Agosti, baada ya malalamiko ya watengeneza tovuti kutoka kila pembe, Google waliyarudisha nyuma mabadiliko yale na kusema hayatarejea kabla ya Januari 2022. Kisanduku changu cha zamani kikafanya kazi tena. Kiraka cha usiku ule hakikuwa na kazi yoyote tena. Ningeweza kukitoa, nami sikukitoa. Na hata kama Google wasingebadili nia, dawa ilikuwa ndani ya fremu yenyewe. Tangu 2014 Chrome ilikuwa na kisanduku cha mazungumzo kinachoandikwa ndani ya ukurasa kwa lugha ya HTML, na Firefox na Safari walikipata Machi 2022. Kwa wasio nacho, mstatili wenye swali na vitufe viwili vya kawaida ungetosha, na huo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaujenga. Habari za mzazi zisingetoka nje ya fremu hata kidogo. Mimi nilikuwa nikitafuta namna ya kuzitoa salama, wakati hapakuwa na haja ya kuzitoa.

Baada ya mama yule kuondoka, mwanzoni mwa Mei 2022, nilifungua kumbukumbu za seva. Kila fremu inapoombwa, seva huandika imeombwa kupitia tovuti gani. Nilizifahamu anwani zote isipokuwa moja. Hiyo ilifanana sana na ya mfuko ule wa kijamii, ikizidi herufi moja. Niliifungua. Nembo ya mfuko ilikuwa juu, maneno ya kukaribisha wazazi chini yake, na katikati, fomu. Ilikuwa fomu yangu mwenyewe, inayotoka kwenye seva yangu, ndani ya ukurasa wa mtu nisiyemjua. Kiungo chake kilikuwa kimesambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp vya wazazi.

Mzazi alijaza. Nyota ikampelekea mwenye ukurasa ule kila kitu. Ukurasa ukaandika yote mahali pake, ukanirudishia "ndiyo", na programu yangu ikaipokea "ndiyo" ile kama ilivyofundishwa. Maombi yakafika kwangu sawasawa. Mzazi akapata ujumbe wa simu kwamba fomu yake imepokelewa, na ni kweli ilikuwa imepokelewa. Ndiyo maana kwa muda wote ule hakuna aliyeshtuka. Tapeli hakuvunja kitu chochote changu, wala hakuhitaji ujuzi mkubwa. Mlango niliuacha wazi mimi.

Walikuwa wazazi 63.

Usiku uleule nilirekebisha. Niliandika anwani kamili za tovuti zote, moja moja, sasa zikiwa mbele yangu kwenye kumbukumbu zile. Nikaweka sharti la kutazama ujumbe umetoka wapi kabla ya kusoma neno lake la kwanza. Seva nikaifundisha kukiambia kivinjari ni kurasa zipi tu zinazoruhusiwa kuibeba fremu, nyingine zote zione patupu. Swali la kuthibitisha nikalirudisha ndani ya fremu. Kazi yote ilichukua muda wa saa mbili. Kwa saa hizo mbili nilizozikwepa tangu Agosti, watu 63 walikuwa wameanikwa.

Kisha nikanyamaza. Naomba nisomwe vizuri hapa, kwa sababu hili ni kosa la pili na ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa la haraka, na haraka yenyewe ilianza kwa nia ya kumsaidia mzee wa miwani ya uzi. La pili lilikuwa woga mtupu. Niliogopa kupoteza mkataba. Niliogopa mji ambao kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani. Nikajituliza kwamba tundu nimeliziba na habari zilizokwisha kutoka hazirudishwi kwa kutangaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko wazi. Aliye kama mimi, anayeshika habari kwa niaba ya mwingine, amwarifu mwenye dhamana bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana, na huyo naye amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na wenye habari zao waambiwe. Mimi nilikaa siku 19.

Katika siku hizo mama yule alipita karibu kila siku akienda sokoni. Aliniuliza mara mbili, "Hooyo, umeangalia?" Nami mara zote mbili nikamjibu, "Bado naangalia, eeddo." Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimeangalia usiku wa siku ileile ya kwanza.

Pengine msomaji wa mbali atajiuliza nambari ya kitambulisho ina uzito gani hata niihuzunikie hivi. Huku kwetu kitambulisho hakikuwa karatasi ya kuombwa leo na kuchukuliwa kesho. Kwa miongo mingi watu wa Kaskazini Mashariki walipitishwa kwenye kamati za kuchunguzwa, mbele ya wazee na maafisa, wathibitishe ni Wakenya, kabla ya kupewa kile ambacho wengine walipewa kwa kufikisha umri wa miaka 18. Wapo waliozaliwa hapa ambao familia zao, katika miaka ya ukame, ziliandikishwa kwenye kambi za Dadaab ili zipate chakula, na jina likiingia kwenye daftari la wakimbizi kitambulisho kikawa ndoto. Ni Februari 2025 tu ambapo Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia saini tangazo la kuondoa uchunguzi ule wa ziada. Mama ninayemsimulia alirudi mbele ya kamati mara nne. Nambari aliyoipata kwa jasho lile aliiandika kwenye fomu yangu kwa sababu aliniamini, nami nikaitoa kwa yeyote.

Siku ya 19 hakuja peke yake. Alikuja na mama mwingine, mdogo kwake, amembeba mtoto mgongoni. Huyo naye alikuwa amepigiwa simu. Huyo naye alikuwa ametuma 1,500, siku mbili tu zilizopita. Niliwaona wakivuka barabara na nikajua siwezi tena kusema naangalia.

Niliwaambia. Nilitoa kiti cha pili, nikakaa chini kwenye mkeka, nikaeleza tangu ile Jumatatu ya Julai. Sikujua namna ya kuieleza nyota, nikatumia kitambaa cha madalali, wakaelewa papo hapo. Nilieleza pia kwamba nimejua tangu siku ya kwanza. Mama mkubwa hakupandisha sauti. Alimtazama mwenzake, akanitazama mimi, akasema: "Ungeniambia siku ile, huyu asingetuma."

Hakuna neno nililowahi kuambiwa katika kazi hii lililo la kweli kuliko hilo, wala sina la kulijibu. Kosa la usiku wa Julai lilimgharimu yeye. Huyu wa pili, ukimya wangu peke yake ndio uliomgharimu.

Mchana ule nilikwenda kwa watu wa mfuko, nikawaeleza yote, nikawapa orodha. Walinikemea, na walikuwa na haki. Waliripoti kama sheria inavyotaka na wakausitisha mkataba wangu. Shule mbili ziliiondoa programu-jalizi, nazo sikuzisihi. Kisha nikaanza kupiga simu. Nilipiga mwenyewe, sikumpa kijana wa saiba anipigie. Nilijifunza kuanza na kosa kabla ya salamu kurefuka, maana ukisalimiana sana na mtu kwa upole halafu ukamwambia umemtendea vibaya, anahisi ulikuwa ukimlainisha. Wengi walinyamaza tu upande wa pili. Mzee mmoja aliniuliza kama jina la mjukuu wake linaweza kufutwa huko lilikokwenda. Nikamwambia haliwezi. Waliotuma pesa niliwarudishia kidogo kidogo kwa miezi, na sihesabu hilo kuwa sadaka, lilikuwa deni.

Kwa mafundi wenzangu, wa Garissa, wa Wajir, wa Mandera na kwingineko: fungueni kazi zenu leo mtafute ile nyota. Mtaikuta, kwa sababu ni rahisi kuiandika na kila kitu hufanya kazi ikiwepo. Andikeni jina la mnayemtumia. Ulizeni ujumbe umetoka wapi. Na mkikuta tayari pamevuja, waambieni wenyewe siku hiyohiyo, hata kama hamjui bado mtawaambiaje.

Kati ya wale 63, wanane sijawapata hadi leo, simu zao hazipatikani tena. Ikiwa ulijaza fomu ya basari kupitia kiungo cha WhatsApp kati ya Agosti 2021 na Mei 2022, huenda wewe ni mmoja wao. Jina lako na nambari yako viko mikononi mwa mtu usiyemjua, na kosa ni langu. Atakayekupigia akakutajia vyote hivyo bila kukosea hajathibitisha kwamba anatoka ofisi yoyote. Usitume chochote. Basari ile haikuwa na ada ya faili.